Moto wa Nyika na Wanyama wa Porini

Masika yakiisha na majani yakianza kugeuka rangi, moshi huonekana katika nyika zetu. Tangu mwezi wa Juni hata Oktoba, katika nchi za miombo usiku hauna giza kamili: mbali mlimani mstari mwekundu hutambaa polepole, na asubuhi vipande vyeusi vya majivu huanguka uani juu ya nguo zilizoanikwa. Wale waipimao dunia kwa vyombo vilivyorushwa angani wametuhakikishia ya kuwa zaidi ya nusu ya ardhi yote iunguayo duniani kila mwaka imo katika Afrika. Basi si ajabu jambo hili likizungumzwa katika kila nyumba, wala si ajabu watu wasipopatana. Mmoja asema moto ni adui, hula miti, hufukuza wanyama na kuiacha nchi uchi. Mwingine asema pasipo moto hakuna majani mabichi, hakuna malisho, na nyoka hujificha kando ya njia iendayo kisimani. Wote wawili wasema kweli. Lakini wote wawili wamesahau kuuliza: moto huo uliwashwa mwezi gani, na kwa mkono wa nani, na mahali pale paliungua lini mara ya mwisho?

Kwa maswali hayo matatu twataka kuwaeleza wasomaji wetu habari za moto uwashwao kwa kusudi, ili nchi iwafae wanyama wa porini. Mifano twaichukua zaidi katika Ngorongoro na Serengeti, nchi ya Tanzania, kwa sababu huko mambo yameangaliwa miaka mingi na kuandikwa, tena kwa sababu yaliyotokea huko yamewahusu watu na ng'ombe wao pia, si wanyama peke yao.

Na tuanze na unyasi wenyewe, kwani asiyeujua unyasi hawezi kuuelewa moto. Mti hukua kwa ncha za matawi yake. Ukiziunguza ncha, umeirudisha nyuma kazi ya mwaka mzima. Unyasi si hivyo. Sehemu yake ichipuayo iko chini kabisa, karibu na ardhi au ndani yake, imekingwa na mabua ya zamani, na chakula chake cha akiba kimo katika mizizi. Kwa hiyo unyasi waweza kuliwa na nyumbu, au kukatwa kwa fyekeo, au kuungua, na baada ya siku chache ukatoa jani jipya, mradi udongo una unyevu kidogo. Moto wa nyika hupita upesi na joto lake hupanda juu. Ukichimba kidogo chini ya majivu utaona udongo haukugeuka, na panya na mijusi waliokuwa ndani ya mashimo yao hutoka wakiwa wazima.

Lakini unyasi usioliwa wala usioungua, mwaka hata mwaka, hujisonga wenyewe. Mabua makavu husimama juu ya shina na kulinyima jua. Majani mapya huwa machache, nayo hufichwa ndani ya makavu, hata mnyama hushindwa kuyachagua. Tena makavu hayo ya mwezi wa Agosti hujaza tumbo bila kutia nguvu. Jani changa lichipualo katika majivu ni kitu kingine: ni laini, nalo lina chakula cha kujenga mwili kuliko bua la zamani. Ndiyo maana nyumbu, punda milia, nyamera na swala tomi hufuata mahali palipoungua kama watu wafuatavyo soko. Katika miombo, palahala hufanya vivyo hivyo. Tena mahali peupe mnyama huona mbali, na simba hana majani ya kujifichia. Hata siku yenyewe ya moto, mwewe na korongo hukusanyika mbele ya ndimi za moto wakiwadaka panzi warukao.

Si wote wafurahio. Kobe hana mbio, na vifaranga walio katika viota vya ardhini huungua. Nyati na tembo wahitaji majani mengi, si majani matamu tu, nao hupahama palipoungua mpaka paote tena. Mnyama mdogo aitwaye taya hutufundisha zaidi kuliko wengine: hupenda kula machipukizi ya palipoungua, lakini mchana hulala na kumficha mtoto wake palipobaki majani marefu. Nchi iliyoungua yote yamnyima malazi, na nchi isiyoungua kabisa yamnyima chakula. Afaidikaye ni yule taya akaaye penye vipande vipande, hapa peusi, pale pana majani ya mwaka huu, na kule pana majani ya mwaka jana. Neno hili la vipande vipande twaomba lishikwe, maana moto mzuri karibu wote waujenga huo mfano wa mkeka wenye rangi nyingi.

Twaja sasa kwenye swali la mwezi. Watu wa zamani waliyajua haya kwa kuzoea, lakini katika karne iliyopita wenye elimu ya misitu waliyajaribu kwa kupima. Huko Olokemeji, katika Nigeria, tangu mwaka 1929, na huko Ndola, katika nchi ambayo sasa ni Zambia, tangu mwaka 1933, walikata viwanja katika msitu. Kiwanja kimoja wakakichoma kila mwaka mapema, majani yakiwa bado na ubichi kidogo. Cha pili wakakichoma kila mwaka mwisho wa kiangazi, kila kitu kikiwa kikavu kama karatasi. Cha tatu wakakikinga moto usiingie kabisa. Miaka ilipopita, mtu asiyejua kusoma wala kuandika angaliweza kuvitofautisha viwanja hivyo kwa macho. Penye moto wa kuchelewa miti ilikuwa imetoweka na kuacha majani matupu. Palipokingwa pakawa msitu mzito wenye kivuli. Penye moto wa mapema miti iliendelea kuishi na majani yakawa chini yake, yaani palibaki miombo kama tuijuavyo.

Sababu si ngumu. Moto wa mapema ni mfupi na mpole. Huruka penye unyevu, huzimika usiku umande ushukapo, huacha visiwa vya majani. Moto wa Septemba na Oktoba hauachi kitu. Na miti ya miombo ina desturi moja ya pekee: hutoa majani yake machanga, yale mekundu yapendezayo macho, kabla mvua hazijanyesha. Moto wa kuchelewa huikuta miti katika saa ile ile ilipotoa akiba yake yote nje. Ni kama mwizi aingiaye siku mwenye nyumba alipouza pamba yake.

Katika mbuga ya Kruger, Afrika ya Kusini, majaribio ya namna hii yalianzishwa mwaka 1954, kila kiwanja kina ukubwa wa hekta 7 hivi. Vingine huchomwa kila mwaka, vingine kila mwaka wa pili au wa tatu, katika miezi mbalimbali, na vingine havichomwi. Kwa jambo kama hili twawasifu watu wenye subira, kwani mti hausemi neno lake kwa mwaka mmoja.

Tusije tukadhani ya kuwa moto mkali hauna kazi kamwe. Bwana Swynnerton, aliyekuwa mkuu wa kwanza wa wanyama wa porini katika Tanganyika tangu mwaka 1919, aliutumia kama shoka. Katika Shinyanga vichaka vilikuwa vimeenea, na mbung'o waliokaa ndani yake waliua ng'ombe na kuwatia watu ugonjwa wa malale. Yeye na watu wa nchi ile walikubaliana majani yasichomwe ovyo ovyo mapema, bali yakingwe mpaka yawe mengi na makavu kabisa, ndipo yachomwe yote kwa siku zilizopangwa, ili moto upate nguvu ya kuua vichaka. Moto ni ule ule, lakini kusudi lake ni jingine, na mwezi wake ni mwingine. Aliyetaka kuilinda miti asingalithubutu kufanya hivyo.

Sasa habari za Ngorongoro. Bonde lile ni kama sufuria kubwa: ukuta wake una kimo cha mita 600 hivi, na sakafu yake yapata kilometa za mraba 250, yenye majani, ziwa la magadi, na wanyama wengi sana. Wamasai walikaa humo na ng'ombe wao, nao walikuwa na desturi ya kuchoma majani ili kuua kupe na kupata malisho mapya. Mwaka 1959 nchi ile ilifanywa hifadhi ya namna ya pekee, wanyama na wafugaji wakae pamoja. Lakini mwaka 1974 Wamasai waliokuwa wakikaa sakafuni mwa bonde waliondolewa. Kwa miaka mingi baadaye waliruhusiwa kushusha ng'ombe mchana kwa ajili ya maji na chumvi, lakini hawakulaza tena mifugo humo, na desturi ya kuchoma ilikoma.

Walioliamua jambo hilo walitaka kuwahifadhi wanyama, na wengi wangalitazamia ya kuwa ng'ombe wakiondoka na moto ukizimwa, wanyama wangeongezeka. Mambo yakaenda njia nyingine. Majani yakawa marefu na magumu. Nyati, ambao zamani walikuwa wachache sana bondeni, wakaongezeka wakawa maelfu, kwa kuwa wao huyaweza majani ya namna hiyo. Nyumbu, swala na pofu, wapendao majani mafupi, wakapungua. Na ndani ya majani marefu kupe wakapata nyumba. Kupe mchanga hupanda juu ya ncha ya jani na kungoja, miguu yake ya mbele ameinyosha, mpaka mnyama apite. Katika majani mafupi yaliyochomwa na jua hukauka akafa, lakini katika majani marefu yenye kivuli na unyevu aweza kungoja muda mrefu.

Mwaka 2000 ukaja ukame mkali, wanyama wakakonda. Katika mwaka ule na ule uliofuata, 2001, nyati wengi walikufa. Simba nao walikufa, na wachunguzi walipoitazama damu yao waliona maradhi mawili yamekutana: moja ni ugonjwa wa mbwa uitwao distempa, uwanyimao wanyama nguvu ya kujikinga, la pili ni vijidudu vya damu viletwavyo na kupe. Simba walikuwa wamekula nyati waliodhoofika, wenye kupe tele. Hata vifaru weusi, ambao bondeni walihesabika kwa vidole vya watu wachache, walipatwa; na mahali penye vifaru wachache namna hiyo, kufa kwa mmoja ni pigo.

Hatusemi ya kuwa kukosa moto peke yake kulileta mauti yale. Ukame ulikuwapo, na ugonjwa wa mbwa ulikuwapo. Lakini kupe waliokuwa wengi kupita kiasi walikuwa sehemu ya jambo, nao walikuwa wengi kwa sababu majani yalikuwa marefu. Walinzi wa hifadhi wakarudia kuchoma sehemu za bonde kwa mpango, kipande mwaka huu na kipande kingine mwaka ujao, na kupe walipohesabiwa katika miaka iliyofuata walikuwa wamepungua sana. Yaani waliurudisha kwa kalamu na ramani ule moto ambao wafugaji walikuwa wakiuwasha kwa kibiriti na kwa kujua nchi yao. Twaona ya kuwa lililo gumu kusamehe katika habari hii ni kwamba wale waliojua hawakuulizwa.

Serengeti, iliyo jirani, ina habari ambayo mwanzoni haifanani na habari ya moto hata kidogo. Miaka ya 1890 ugonjwa wa sotoka ulipita Afrika ya Mashariki, ukaua ng'ombe na nyati na nyumbu kwa wingi usiosemeka, na wafugaji wengi wakafa njaa. Ugonjwa haukuondoka kabisa. Ulibaki ukiwaua ndama wa nyumbu mwaka hata mwaka. Hata mwaka 1961, nyumbu wa Serengeti walipohesabiwa, walikuwa kama robo milioni tu. Majani yaliyokosa walaji yalisimama yakakauka, na moto ukawala mahali pao: katika miaka ile sehemu kubwa ya mbuga iliungua kila mwaka. Miti michanga haikupata nafasi. Mche hutoka katika shina la zamani, huungua, hutoka tena, huungua tena, wala haufiki kimo cha mita mbili au tatu ambapo ncha yake ingekuwa juu ya ndimi za moto. Mtu aonaye mche wa magotini aweza kudhani ni wa mwaka huu, kumbe mizizi yake ina umri kumshinda yeye.

Kisha ng'ombe wa nchi za kandokando walichanjwa. Sotoka ikakoma kwa ng'ombe, na ilipokosa pa kukaa ikakoma kwa nyumbu pia, mwanzoni mwa miaka ya 1960. Hawa wakaongezeka, hata kufikia mwisho wa miaka ya 1970 walikuwa zaidi ya milioni moja. Milioni moja ya midomo ni ufyekeo mkubwa. Majani yaliyoliwa hayawezi kuungua. Basi eneo la moto likapungua, na miti, iliyokuwa ikingoja chini miaka mingi, ikapanda. Hivyo sindano iliyochoma shingo ya ng'ombe wa mfugaji iliotesha miti mahali ambapo mganga wa mifugo hakuwahi kufika. (Ugonjwa wenyewe wa sotoka ulitangazwa mwaka 2011 kuwa umekwisha duniani kote, na ni ugonjwa wa pili kumalizwa kabisa, wa kwanza ukiwa ndui ya wanadamu.)

Tumeyasimulia haya kwa urefu ili msomaji aone ya kuwa moto, ng'ombe na wanyama wa porini hula katika sahani moja. Apunguzaye mmoja humwongezea mwingine chakula. Mlinzi wa mbuga aamuaye kuchoma au kutochoma lazima ajue kwanza ni nani mwingine anayekula majani yale, na ni majani kiasi gani yamebaki.

Juu ya kazi yenyewe ya kuchoma, mengi ni akili ya kawaida, lakini akili ya kawaida husahauliwa upesi panapo moshi. Wenye kuchoma hufyeka kwanza njia pana kuzunguka kiwanja, au hutumia barabara, au mto. Hutazama upepo: moto uendao kinyume cha upepo hutambaa polepole na ndimi zake ni fupi, moto usukumwao na upepo hukimbia, na ndimi zake hufikia matawi. Kwa hiyo huanza upande ule upepo uendako, wauache moto utambae ukirudi kinyume cha upepo, mpaka pawe na ukanda mpana uliokwisha kuungua. Hapo tu, wakitaka, ndipo huwasha upande wa pili, na mioto miwili hukutana na kufa kwa kukosa chakula. Huchagua jioni, hewa ikianza kupoa. Huweka watu wenye matawi mabichi na maji kila upande, na huwaarifu majirani kabla, si baada. Na kazi haiishi ndimi zinapozimika. Visiki na mavi makavu ya wanyama hufuka moshi siku mbili tatu, na upepo wa mchana ukivuma huweza kuamsha moto ambao watu wote walidhani umekufa.

Mtu asidhani ya kuwa twaongeza chumvi. Mwezi wa Septemba mwaka 2001, katika ile mbuga ya Kruger tuliyoitaja, mahali ambapo mambo ya moto yamechunguzwa kuliko karibu popote Afrika, moto mkali uliosukumwa na upepo uliua watu zaidi ya 20. Wengi wao walikuwa wanakijiji waliokuja kukata nyasi za kuezekea, na pamoja nao walikufa wafanya kazi wa mbuga. Elimu haikumzuilia upepo kugeuka. Ilikuwa Septemba, majani yakiwa makavu.

Basi, je, si afadhali serikali zikataze moto wote? Zimejaribu mara nyingi, zamani na siku hizi. Tuonavyo sisi, amri ya namna hiyo huzaa ubaya wa aina mbili. Kwanza majani hujilimbikiza, na moto ukija, nao huja, ni ule wa Oktoba. Pili, mtu aliyekatazwa hawashi mbele ya watu na kuulinda moto wake. Huwasha kwa siri na kukimbia. Arinaye asali ausahauye mwenge wake chini ya mti, na mchoma mkaa aondokaye kabla tanuru halijapoa, hawa hawatazuiwa na tangazo lililobandikwa mlangoni pa ofisi. Lililo bora ni ruhusa yenye masharti. Katika Tanzania sheria ya misitu ya mwaka 2002 humtaka anayetaka kuchoma apate kibali kwanza, na hilo ni jema, mradi kibali kipatikane mwezi wa Juni, majani yangali na ubichi, si baada ya barua kuzunguka hata Septemba.

Tena kuna jambo ambalo vitabu vya wanyama havilisemi mara nyingi. Mwenye nyumba ahitaji nyasi za kuezeka, na nyasi hizo hukatwa zikiwa zimekauka vema, yaani baada ya wakati wa moto wa mapema. Mlinzi wa mbuga au mzee wa kijiji akichoma kila mahali mwezi wa Juni kwa nia njema kabisa, mjane atakosa paa mwezi wa Agosti. Mfuga nyuki naye ana mizinga yake mitini. Kwa hiyo mpango wa moto hauwezi kufanywa na wanaume wawili wenye ramani. Na waketi pamoja wakata nyasi, wafuga nyuki, wachungaji wa ng'ombe na wenye mashamba ya mihogo yaliyo mpakani, waseme: bonde hili libaki mpaka tukate, mwinuko ule uchomwe kwanza, na ukanda wa kuzunguka shule na nyumba usafishwe kabla ya yote. Hapo ule mkeka wa vipande vipande utapatikana wenyewe, na taya atalala mahali palipoachwa kwa ajili ya paa za watu.

Kwa nyumba zetu twashauri haya machache. Majani yaliyo karibu na nyumba, na jikoni, na ghala ya mahindi, yafyekwe yangali mabichi, hata ardhi ionekane kwa hatua kumi au zaidi. Kuni zisirundikwe ukutani kiangazi. Watoto wajue njia ya kukimbilia, nayo ni kuelekea mahali palipokwisha kuungua au pasipo na majani, kamwe si kupanda mlima mbele ya moto, kwa sababu moto hupanda mlima upesi kuliko mtu. Mama mwenye mtoto mgongoni asipeleke maji kwenye ukingo wa moto; kazi hiyo ni ya vijana wenye viatu na nguo nzito za pamba.

Walimu nao waweza kuitumia habari hii pasipo kuwasha hata njiti moja, na twawasihi wasiwape watoto moto kwa ajili ya somo. Pembeni mwa njia za kijiji hapakosi kipande kilichoungua kilichopakana na kisichoungua. Mwalimu na awaongoze watoto kuchimba shina moja la unyasi kila upande, walioshe, wapasue, waone pale sehemu ichipuayo ilipojificha. Kisha wachague mahali padogo pa hatua mbili kwa mbili kila upande, waweke vijiti pembeni, na kwenda kutazama kila juma mpaka mvua za kwanza. Waandike katika daftari tarehe ya siku palipoungua, tarehe walipoona jani la kwanza, ni kupe wangapi walionaswa na kitambaa cheupe kilichoburutwa juu ya majani ya upande huu na wa upande ule, na nyayo za mnyama wa kwanza aliyekuja kula.